Kabla ya Chai, Miguu

Tangu turudi, kila anayeingia kwenye kibanda changu cha kushonea viatu hapa Nyeri ananiuliza swali lile lile: "Vile viatu vya mzee vilifaulu?" Nikianza kujibu, anaingia mteja mwingine na raba iliyoachama mdomo, na hadithi naiacha pale Karatina. Kuna wenzangu ambao wameusikia mwanzo mara tatu na mwisho hawajausikia hata mara moja. Basi nimefunga mlango, nimekaa, na ninaiandika yote.

Kwa asiyetujua, mimi ni Wangechi, fundi wa viatu. Mzee anayeulizwa ni baba yangu, Ndirangu, aliyebeba mizigo ya wageni kwenye Mlima Kenya miaka mingi hadi akawa mkubwa wa wapagazi. Mimi ni binti yake wa kwanza, na kwa desturi yetu nilipewa jina la mama yake mzazi. Kwa hiyo baba haniiti Wangechi. Ananiita maitu, yaani mama yangu. Wageni wakisikia mzee mwenye mvi akiniita mama, hutazamana, na mimi huwaacha watazamane.

Mwaka juzi baba alichubuliwa na gambuti, buti la mpira, shambani. Ana ugonjwa wa sukari. Alinyamaza na kidonda kile mpaka kikaoza, na hospitalini wakaondoa vidole viwili vidogo vya mguu wa kushoto. Alipona, lakini hakutoka tena. Mtu aliyejua kila jiwe la mlimani akawa anatoka kitandani hadi kwenye geti na kurudi. Ibada ya Jumapili alisikiliza redioni. Ukimuuliza kwa nini, alisema hakuna kiatu kinachomkaa, na hapo hakuwa anadanganya.

Ndiyo maana nikamshonea. Nilikuwa tayari nimeanza kujaribu viatu vya kupandia mlima kwa ajili ya wapagazi, kwa sababu wengi wao hupanda na mitumba iliyozoea miguu ya watu wengine. Nilimchongea baba mguu wa mti unaofanana na wake, wa kushonea viatu juu yake, nikaweka soli nene yenye meno na shingo laini ya kushika kifundo. Ndani ya kiatu cha kushoto, pale penye nafasi ya vile vidole viwili, nikaweka sponji iliyofunikwa kwa ngozi nyororo, ili mguu usiteleze. Mwangi, anayeongoza wapagazi wa Naro Moru siku hizi, alivigeuza mikononi, akavikunja, akavinusa, kisha akasema: "Mzee Ndirangu avae kwanza. Kwa matope, kwa baridi, kwa mteremko. Yeye akisema ni nzuri, sisi wote tunavaa."

Nililipenda sharti lile kuliko Mwangi alivyojua. Daktari wa kliniki alikuwa amesema baba atembee, kidogo kidogo, na viatu vya kufunika, na miguu yake iangaliwe kila siku. Kuangalia, baba aliniambia, anajiangalia mwenyewe. Mimi nilitaka tu kumwona akivuka geti.

Wang'uru, kwa ajili ya matope

Wiki ile Nyeri ilikuwa kavu, kwa hiyo tukaamua kuyafuata matope yalipo, kwenye mashamba ya mpunga. Tulipaswa kufika saa nne. Tulifika saa saba, kwa sababu baba alitaka kusalimia mtu Karatina. Huyo mtu alikuwa mama wa viazi ambaye hawajaonana miaka mitatu. Baba aliweka mguu juu ya gunia lake kama mtu anayeonyesha ng'ombe mnadani.

"Unaona hii? Ni maitu ameshona. Na mikono yake mwenyewe."

"Ati Wangechi? Hii mashine yote?"

"Hakuna mashine. Ni sindano na hasira."

Alisimulia hivyo kwa wauza viazi watano, mmoja baada ya mwingine. Nilisimama pembeni nikijifanya nimekasirika kwa kuchelewa. Ukweli ni kwamba sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu hospitalini.

Wang'uru jua lilikuwa kali na tuta la mfereji lilikuwa laini kama ugali ambao haujaiva. Baba alitembea mbele, polepole, fimbo mkononi. Mimi nilimfuata na daftari, kalamu sikioni na futi ya fundi shingoni. Kila baada ya hatua kadhaa nilipiga magoti, nikapima alama aliyoacha, nikaona kama kisigino kinatua sawa, nikaandika. Hatukuwa tumefika mbali mwanamke mmoja akatoka kwenye mpunga, matope hadi magotini, jembe begani.

"Nyinyi ni wa serikali?"

"Hapana, mama," nilimjibu.

"Sasa unapima nini kwa shamba yangu? Niambie mapema. Hapa hakuna mtu anahama."

Nilianza kumweleza habari za soli na maji, na kadiri nilivyoeleza ndivyo jembe lilivyozidi kushuka kutoka begani. Baba ndiye aliyetuokoa. Aliinua mguu mmoja, akashikilia fimbo asianguke, akamwambia, "Mama, tunapima hii kiatu tu. Shamba ni yako, hata tope yako tutakurudishia."

Yule mama alicheka mpaka akakaa chini kwenye tuta. Alituita kwake, akatupakulia wali wa pishori na ndengu, akaomba kukijaribu kiatu cha kulia na kikamkataa. Baba alikula kidogo, maana nilikuwa nimemkazia macho. Harufu ya ule wali bado ninayo puani.

"Kiatu kinabana?" nilimuuliza tukiondoka.

"Iko sawa."

"Na cha kushoto?"

"Nimesema iko sawa, maitu."

Nikamwomba avue nione miguu. Akaniuliza, "Kwani wewe ni daktari?" Tulipopata mahali pa kulala pale mjini alijifungia, akavua peke yake, na aliponirudishia viatu vya kukaushwa tayari alikuwa amevaa soksi safi. Niliandika kwenye daftari: matope, vimefaulu. Miguu yangu mwenyewe ilikuwa ndani ya raba za kawaida, nzuri kwa kusimama kibandani na mbaya kwa kila kitu kingine, lakini safari haikuwa yao.

Endarasha, baridi na sabuni

Kutoka joto la Wang'uru tulirudi juu hadi Endarasha, ambako ukungu hushuka kutoka milima ya Nyandarua na kukaa juu ya kabichi za watu kana kwamba umepanda wenyewe. Hapo nilitaka kujua jambo ambalo mdomo wa baba haukutaka kuniambia, yaani kiatu kinamgusa wapi. Ninayo njia moja. Nasaga mkaa uwe vumbi laini kabisa, naupaka ndani ya kiatu, kisha mtu anavaa soksi nyeupe na kutembea. Pale kiatu kinaposugua mguu, soksi inakuwa nyeusi zaidi. Mteja anaweza kukudanganya kwa adabu, lakini soksi haina adabu.

Tulitembea alasiri yote kati ya mashamba ya viazi na njegere, tukipumzika kwenye kila jiwe lenye umbo la kiti. Mvua ikatukuta. Tulifika kwa Mama Muthoni tukiwa tumelowa, kisigino changu cha kulia kikinipasha habari zake, nikakiambia kinyamaze.

Mama Muthoni ni mjane wa Gichuki, aliyebeba mizigo na baba miaka yote ile. Alitupokea kama watu waliorudi kutoka kwa wafu. Alileta beseni la maji ya moto kwa ajili ya miguu ya baba, na baba akageuka akatazama ukuta kabla ya kuvua soksi. Nilikuwa mlangoni na kikapu cha kuni. Niliona akitumbukiza mguu wa kushoto bila kusita. Alipotia wa kulia aliurudisha haraka, akavuta pumzi. Baadaye nilichovya vidole kwenye yale maji, nikaviondoa upesi. Nikacheka, nikidhani baba anajitia ujasiri mbele ya mjane wa rafiki yake. Kicheko hicho bado kinanichoma.

Mama Muthoni alipika mukimo, viazi na mahindi vilivyopondwa pamoja na majani ya malenge, na tukila jioni ile akaanza kumchokoza baba.

"Wangechi, huyu baba yako alikuwa mtu mbaya. Gichuki alikuwa anafika kambi amekufa na baridi, chai imeiva, na huyu amekaa kwa mlango ya kibanda. Ati kabla ya chai, miguu!"

"Ilikuwa lazima," baba alisema.

"Hakuna mtu anagusa kikombe mpaka avue viatu, aweke mguu hapa kwa goti yake, aangalie. Hata wale wakubwa."

"Vijana walikuwa wanaficha malengelenge," baba alinieleza. "Mtu anaogopa ataachwa nyuma. Anatembea na kidonda siku tatu, anasema iko sawa, iko sawa. Ya nne unambeba yeye na mzigo yake."

"Na yako ilikuwa inaangaliwa na nani?" Mama Muthoni aliuliza.

Baba alikata tonge jingine. "Nani angeambia mkubwa avue viatu?" akasema, na tukacheka wote watatu.

Kabla ya kulala niliziweka zile soksi za mkaa juu ya rafu, nizisome kwenye mwanga wa asubuhi. Asubuhi rafu ilikuwa tupu. Soksi zilikuwa kwenye kamba juu ya meko, zimekauka, nyeupe kuliko siku nilipozinunua, na Mama Muthoni alikuwa akininung'unikia.

"Wangechi, nimekujua ukiwa mtoto. Unatembeza mzee na soksi imejaa masizi? Watu wataniuliza huyu mtoto alilelewa wapi. Nimetumia nusu ya kipande ya sabuni."

Alikuwa amevisugua na viatu pia. Tena, kwa kuwa vilikuwa vimelowa, alikuwa amevijaza mahindi makavu hadi juu, vinyonye maji usiku kucha mbali na moto, maana moto hubandua soli. Gichuki ndiye aliyemfundisha. Mapota, yaani wapagazi, wote wa zamani hufanya hivyo, na kusema kweli viatu vilikuwa vikavu kama mkate. Aliyamimina mahindi kwenye debe mbele yangu, akavikung'uta, akampa baba avae. Daftari langu siku hiyo lina mstari mmoja tu: Endarasha, ushahidi umefuliwa.

Mweiga, kilichoanguka

Siku hiyo ilikuwa ya mteremko. Kiatu cha mlima hupimwa kwenye kushuka, kwa sababu ukishuka mguu mzima hukimbilia mbele na vidole hugonga ukuta. Tulitembea vipande vya barabara ya kuelekea Mweiga, na vipande vingine tukabebwa na mtu wa pikapu ya maziwa aliyekuwa akienda taratibu kwa ajili ya mitungi yake. Baba alikuwa na furaha. Alitembea bila kuchechemea, akanionyesha mlima ulipojitokeza upande wa pili, akanitajia majina ya vibanda na mito kama mtu anayeita ng'ombe wake nyumbani.

"Vidole vinagonga?"

"Hapana."

"Mahali popote panachoma? Kushoto?"

"Iko sawa kabisa. Ingekuwa na shida ningekuambia."

Tulifika Mweiga saa tisa hivi, tukaingia hotelini, tukaagiza chai bila sukari na mayai ya kuchemsha. Baba alipokunja mguu chini ya meza niliona ukingo wa soksi ya kushoto, ile iliyofuliwa ikawa nyeupe. Palikuwa na doa lililopanda na jasho hadi juu ya kiatu, pale soksi inapotokeza. Halikuwa jeusi.

"Baba, vua."

"Tukifika."

"Vua sasa."

"Wangechi, watu wanaangalia." Aliniita Wangechi, jambo ambalo hafanyi.

Nilipiga magoti chini ya meza, mbele ya wateja wote, nikafungua kamba mwenyewe. Alishika ukingo wa meza lakini hakunizuia. Nilipokivuta kiatu na kukigeuza, punje moja ya mahindi ilidondoka sakafuni. Ilikuwa imevimba, imelainika kama punje iliyochemshwa ya githeri, upande mmoja mwekundu. Chini ya mguu wa baba, nyuma ya kidole gumba, palikuwa na kidonda cha ukubwa wa kitufe cha shati. Alikuwa ameikanyaga punje ile tangu Endarasha, hatua kwa hatua, akinitajia majina ya mito.

Baba alitazama ile punje, kisha akanitazama mimi. Sijawahi kumwona ameogopa hivyo, hata siku ya kukatwa vidole.

Kwenye zahanati tulimpata tabibu mmoja kutoka Bungoma, jina lake Nekesa, mama mpole mwenye sauti ya juu. Alisafisha kidonda, na kabla ya kukifunga akavunja kijiti chembamba kutoka kwenye ufagio.

"Mzee wangu, funga macho. Nikikugusa mguu, sema hapo."

Alimgusa wa kulia. "Hapo," baba akasema. Akamgusa tena. "Hapo." Akamgusa wa kushoto, chini ya kidole gumba. Kimya. Akamgusa kisigino. Kimya. Akamgusa katikati ya wayo. Kisha Nekesa akaondoa mkono kabisa, akakiinua kile kijiti hewani, akangoja.

"Hapo," baba alisema, macho yamefumbwa, kwa heshima, kama mtu asiyetaka kumvunja moyo mwenyeji wake.

Nilitoka nje, nikakaa kwenye benchi, nikalia. Nililia kwa hofu, na kwa hasira pia. Siku tatu nilikuwa nimemuuliza mguu usiosikia kama kiatu kinabana, nikaandika majibu yake kwenye daftari kwa mwandiko mzuri. Mimi, fundi, niliyejivunia kwamba sikubali maneno ya wateja.

Nekesa alinifuata mlangoni. "Usijipige, dada. Mguu huo umelala siku nyingi. Leo mmekiona kidonda mapema, na mapema ndiyo dawa. Lakini hakuna kutembea mpaka kidonda kifunge. Na kila siku mtu aangalie, mtu mwenye macho mazuri, si yeye. Kabla ya kuvaa kiatu, tia mkono ndani. Umenisikia?"

"Nimesikia."

Baba alikuja akakaa kando yangu, mguu umefungwa kitambaa cheupe.

"Tangu lini?" nilimuuliza.

"Kabla ya ile kidonda ya gambuti. Ndiyo maana sikuijua." Alisugua goti. "Kwa mlima, mtu akishindwa na miguu hurudishwa chini. Nimerudisha wengi. Nilijua ukijua, utanirudisha nyumbani, na mimi nilikuwa nimefika Wang'uru, maitu. Nilikuwa nimefika mpaka Wang'uru."

Nilimwambia turudi Nyeri siku hiyo hiyo. Alikataa. Mwangi na watu wake walikuwa wanangoja neno, akasema, na neno alilokuwa amepanga kuwapa halikuwa la kweli.

Naro Moru, neno la mzee

Asubuhi iliyofuata tulienda kwa gari, kupitia Kiganjo, baba amenyoosha mguu kwenye kiti na viatu amevipakata. Sikuwa na hamu ya kuviona. Nilikuwa nimeamua kimoyomoyo kwamba nitarudi kushona raba za shule na mikoba, basi.

Wapagazi kumi na mmoja walikuwa wametungoja katika hoteli moja karibu na mto. Walisimama wote baba alipoingia, hata wale ambao hawakuwahi kupanda naye. Wakaona kitambaa mguuni, wakaona viatu mkononi, wakanitazama mimi. Chai ililetwa ikifuka mvuke.

"Mzee," Mwangi alisema, "tuambie basi. Hiyo kiatu imekukata?"

Baba alikaa, akaviweka viatu mezani, kitu ambacho mama yangu angemfokea.

"Ya kulia ni nzuri. Kisigino imeshikwa, kwa mteremko vidole haikugonga, kwa matope haikuteleza. Hiyo nimesikia mwenyewe na ninawaambia." Akagusa cha kushoto. "Hii sijui."

"Hujui aje, na ulivaa?"

"Hii mguu haisikii kitu. Imekufa miaka. Nilitembea na mahindi ndani kutoka Endarasha mpaka Mweiga, na maitu akiniuliza nasema iko sawa. Kwa hivyo msichukue neno yangu ya kushoto. Nilikuwa ninaficha." Alitazama meza. "Mimi, ambaye nilikuwa nawakatalia chai."

Nilitamani kuwaambia kwamba ni mgonjwa, kwamba hawajui alivyojitahidi, lakini Mwangi alinitangulia.

Alisukuma kikombe chake kando. Ana miaka hamsini na zaidi, mabega yake yameinama kwa mizigo. Aliinama akafungua kamba, akavua kiatu, akavua soksi, akaweka mguu wake juu ya benchi, mbele ya baba. Kucha mbili zilikuwa nyeusi na kisigino kilikuwa na kidonda kibichi.

"Mzee, hata mimi nilikuwa nimeficha," alisema. "Na kesho kutwa ninapanda."

"Hupandi," baba alimjibu hapo hapo, kwa sauti ambayo nilikuwa sijaisikia miaka miwili.

Mmoja mmoja wakavua. Kijana wao mmoja, Kevo, alilalamika, "Eish, si tutamaliza watu na harufu hapa," lakini alivua. Baba alivuta kiti, akaanza mwisho wa meza, mguu baada ya mguu juu ya goti lake, akibonyeza, akitazama kati ya vidole, akigomba. Mimi nilimfuata na futi na daftari. Sikumuuliza mtu yeyote kama viatu vyake vinabana. Niliangalia tu, na miguu ikaniambia yote, nani anavaa saizi ya ndugu yake, nani amekaza kamba mno, nani amekunja vidole miaka mitano ndani ya mtumba mzuri wa kupendeza.

Tulipomaliza, chai ilikuwa baridi na ikapashwa. Mwangi akaniambia, "Tushonee. Lakini kila mtu kwa mguu wake, vile umeangalia." Kwa hiyo ndiyo, rafiki zangu, viatu vilifaulu, kama ndilo mlilotaka kujua. Vile vya baba nimevibadilisha kidogo. Ndani nimeviwekea ngozi nyeupe, ili kitu chochote kikibaki kionekane.

Nyumbani

Tulifika Nyeri alasiri, siku ya Alhamisi. Baba aligoma kulala. Alisema amekaa garini kutwa nzima na sasa atapika chai yeye mwenyewe, na nilimwacha kwa sababu nilikuwa nimechoka kubishana. Nilikaa kwenye kigoda jikoni, mgongo ukutani, nikimsikia akigonga sufuria.

Alimimina vikombe viwili. Nikanyoosha mkono. Akakivuta kikombe changu, akakiweka kwenye dirisha nisipoweza kukifikia, akakaa.

"Kabla ya chai," alisema.

Nilitabasamu, nikateremka kutoka kwenye kigoda, nikapiga magoti mbele ya kiti chake na kuanza kuushika ule mguu wa kitambaa. Nekesa alikuwa amesema kila siku, na mimi nilikuwa tayari kwa kila siku.

"Siyo yangu," baba alisema. "Yako."

"Yangu haina kitu, baba. Iko sawa."

"Maitu." Alielekeza kidole kwenye raba zangu. "Unachechemea tangu Wang'uru."

Nilirudi kwenye kigoda, nikavua zile raba, na soksi ya kulia ilikuwa imegandamana na kisigino, ikatoka kwa kuvutwa. Baba alipakata mguu wangu juu ya goti lake. Vidole vyake ni vigumu, vimebeba kamba na mizigo maisha yake yote, lakini aligusa pale taratibu sana, akipuliza kama ninavyokumbuka alivyopuliza nilipokuwa mdogo.

"Hapo?" aliuliza.

"Hapo," nikasema, nikaanza kulia.

Hakuniambia ninyamaze. Aliosha kile kidonda kwa maji ya uvuguvugu na chumvi kidogo, akakifunga kwa kitambaa kilichobaki cha Nekesa. Kisha akaegemea nyuma, akanyoosha mguu wake wa kushoto bila kuombwa, akauweka magotini pangu.

"Haya," alisema. "Angalia vizuri, na usiniulize."

Niliangalia vizuri. Chai ilikuwa imepoa, tukaipasha tena.